Fundi wa kurekodi na kadi ya biashara: tuchapishe, lakini tujue tunampa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nichangie jambo ambalo limekuwa likibishaniwa kwa muda sasa miongoni mwetu, mafundi wa kurekodi sauti tunaojitegemea hapa Dodoma, nalo ni kama kuna faida yoyote ya kuchapisha kadi za biashara katika zama hizi ambazo karibu kila mtu ana simu mkononi. Wapo wanaosema kuwa kuchapisha kadi ni kupoteza fedha bure, na wapo, hasa waliopitia semina za ujasiriamali, wanaoamini kuwa asiye na kadi bado hajaanza biashara. Mimi ninarekodi kwaya, vikundi vya ngoma, mikutano na, mara chache, wasanii wa muziki wa kizazi kipya. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishana juu ya kadi huku zikimsahau mtu anayekabidhiwa kadi hiyo.

Wanaoipinga wana hoja, na ni haki wasikilizwe kwanza. Msanii kijana wa Nkuhungu au Chang'ombe anayetafuta mahali pa kuingiza sauti hamtafuti fundi kwa kadi. Anasikia wimbo, anauliza umetengenezwa studio gani, anaingia Instagram, anatuma ujumbe, na siku hiyohiyo anataka kusikilizishwa biti. Swali lake la kwanza ni "umemtengenezea nani?", na hakuna kipande cha karatasi kinachoweza kulijibu. Ndivyo muziki huu ulivyokwenda tangu ulipoanza kupata nguvu: Bongo Records ya P-Funk Majani na MJ Records ya Master J zilijulikana nchi nzima kwa sababu ya nyimbo zilizotoka katika studio hizo, na hadi leo watayarishaji wengi huweka mwanzoni mwa wimbo sauti fupi ya kujitambulisha, ambayo husikika kila wimbo unapopigwa redioni. Fundi ambaye wateja wake wote ni wa namna hii, na ambaye jina lake linasikika kwenye bajaji na saluni za mjini kila siku, asijisumbue na kadi. Fedha hiyo anunulie waya mzuri wa maiki.

Mimi, hata hivyo, na mafundi kadhaa ninaowafahamu, tunaishi zaidi kwa kwaya kuliko kwa wasanii wa aina hiyo, na kwaya hainunui huduma kama msanii mmoja anavyonunua. Kwaya ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwalimu, na juu yao kuna viongozi wa kanisa ambao lazima waridhie kabla shilingi haijatoka. Mtu unayekutana naye ni mwalimu wa kwaya. Amekusikia ukifanya kazi kwenye tamasha la kwaya au kwenye ibada ya uzinduzi, amependa jinsi sauti zote nne zilivyosikika kila moja mahali pake, amekuja kukushika mkono na kukuuliza bei. Mnaelewana vizuri kabisa, lakini mwalimu huyo hana mamlaka ya kuamua lolote. Uamuzi utafanywa kwenye kikao ambacho wewe hutakuwepo, na watakaouamua hawajawahi kukuona.

Ndani ya kikao hicho ndipo kadi inapofanya kazi. Mwenyekiti atauliza kama kuna fundi yeyote anayefahamika. Mwalimu asiye na kadi atasema yupo kijana mmoja hivi, jina limemtoka, anakaa maeneo ya Kisasa au Ilazo, ana pikipiki, na kwamba namba yake aliihifadhi lakini hajui aliihifadhi kwa jina gani. Mjumbe mwingine atasema anaye mpwa wake anayefanya kazi hizo mjini, na habari yako itaishia hapo. Mwalimu aliye na kadi ataitoa na kuiweka mezani, itapita mkono kwa mkono, mweka hazina ataisoma mbele na nyuma, na katibu ataibana kwenye muhtasari. Hiyo haitoshi kukupatia kazi, lakini sasa jina lako limo miongoni mwa majina yanayojadiliwa. Kwa sababu hiyo mimi humpa mwalimu wa kwaya kadi mbili na kumwambia wazi kuwa ya pili ni ya katibu.

Wenzangu hunijibu kuwa namba inaweza kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya na wote wakaipata kwa mara moja. Ni kweli inaweza. Tatizo ni muda unaopita kati ya kukutana na kurekodi, na katika hili hali ya hewa ya mkoa wetu ina usemi mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Huku katikati ya nchi tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Kwaya za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa wakati huo ziko shambani, na fedha ya kurekodia haipatikani mpaka alizeti, karanga na mtama vimevunwa na kuuzwa. Zaidi ya hapo makanisa mengi ya vijijini yameezekwa bati bila dari, na mvua ikianza kunyesha juu ya bati hilo hakuna programu ya kompyuta itakayoitoa sauti yake kwenye rekodi bila kuzichubua na sauti za waimbaji. Hata kiangazi bati halina adabu. Jua likishapanda, bati linapopata joto na kutanuka, hulia vishindo vidogo vidogo juu ya vichwa vya waimbaji, na maiki nyeti iliyowekwa mbali ili ichukue kwaya nzima huvinasa vyote. Fundi anayeijua kazi hii huomba kwaya ikusanyike alfajiri, ikiwezekana iwe imemaliza wimbo wa kwanza kabla ya saa mbili asubuhi, na hukagua upepo upande wa madirisha kabla ya kusimamisha hata stendi moja.

Kwa hiyo mtu anayekuuliza bei mwezi wa Januari, kwaya ikiwa katika mazoezi ya Pasaka, huenda akakupa kazi mwezi wa Julai au Agosti. Katika miezi hiyo ujumbe wako kwenye kundi umekwisha kufunikwa na salamu za asubuhi, matangazo ya misiba na picha za ubatizo. Simu ya mwalimu imeanguka ndooni, au ameiuza akanunua nyingine. Inawezekana kabisa kuwa kwaya imefanya uchaguzi na katibu ni mtu mwingine. Daftari la kwaya, hata hivyo, hukabidhiwa kwa katibu mpya pamoja na mhuri, na kadi iliyobanwa ndani yake hukabidhiwa humo humo. Ninasema hivi kwa sababu nimewahi kupigiwa simu na makatibu ambao sikuwahi kukutana nao kabisa, na nilipowauliza walikonipata walitaja daftari.

Lipo pia jambo ambalo vijana wanaoanza kazi sasa hawakulikuta. Zamani jalada la kaseti lilimtangaza fundi bila yeye kugharamia chochote. Kwaya iliuza kaseti zake, na ndani ya jalada, kwa herufi ndogo, mliandikwa studio, fundi mitambo na namba ya sanduku la posta. Kaseti ikifika Kondoa au Manyoni, kwaya ya huko ilijua pa kuandikia barua. CD nazo zilikuja na majalada yake, ingawa nyingi zilinakiliwa na kuuzwa ndani ya karatasi tupu. Leo wimbo unakwenda YouTube, na maelezo yaliyo chini ya video humtaja mwalimu, mtunzi, mpiga picha za video na namba ya kutuma sadaka. Fundi sauti hayumo. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyeshughulika na kile kinachosikika ndiye anayesahaulika, lakini ndivyo mambo yalivyo, na wa kulaumiwa ni sisi wenyewe tusiodai. Jina linaweza kuandikwa ndani ya faili la mp3, lakini wimbo ukishapandishwa kwenye YouTube msikilizaji halioni. Mimi sasa huandika katika makubaliano, kabla ya kuwasha kifaa chochote, kwamba jina na namba yangu vitawekwa katika maelezo ya video, na ninaamini sharti hilo lina thamani kuliko kadi zote nitakazochapisha. Ila linamfikia tu mtu ambaye tayari anausikiliza wimbo ule.

Kuna wateja wengine ambao mji wetu umeletewa na Serikali. Tangu wizara zihamie hapa, na tangu Dodoma itangazwe kuwa jiji mwezi Aprili 2018, mikutano imekuwa mingi, na wapo waandaaji wanaotaka hotuba na mijadala irekodiwe vizuri ili iandikwe taarifa au itumike redioni. Wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, kumbi hazipumziki. Katika mazingira hayo kadi ni adabu ya kawaida: mtu akikupa yake na wewe ukabaki kupapasa mfuko, unaonekana umepita njia tu. Mratibu wa mkutano naye, kama mwalimu wa kwaya, si mwamuzi, bali anapeleka jina lako kwa mtu wa ununuzi. Hata hivyo nisiwadanganye vijana. Katika ofisi kadi inakufikisha mlangoni tu, kwa sababu maswali yanayofuata ni TIN, yaani namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, ankara na risiti ya mashine, na kwa taasisi za umma utaulizwa kama umesajiliwa katika mfumo wa ununuzi wa NeST. Anayefikiria kuchapisha kadi inayong'aa kabla ya kushughulikia hayo aanze na hayo.

Sasa kadi yenyewe. Nyingi nilizoziona mikononi mwa mafundi wenzangu ni nyeusi tii, zina picha ya spika, maiki, noti za muziki na mawimbi ya sauti, na mahali pa cheo pameandikwa "Mkurugenzi Mtendaji" wa studio ambayo ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Cheo hicho hakinisumbui sana, maana kila mtu ana haki ya kujiongoza. Kinachonisumbua ni namba ya simu, iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu na herufi za ukubwa wa punje ya uwele, wakati katibu wa kwaya atakayeisoma huenda ni mwalimu mstaafu anayevaa miwani, akiwa ndani ya ofisi ya kanisa yenye taa moja. Karatasi nyeupe, wino mweusi, namba kubwa kuliko jina: mtu wa steshenari atakuambia haipendezi, na wewe mwambie achapishe hivyo hivyo. Kadi ya kawaida ina upana wa sentimita 9 hivi na kimo cha sentimita 5 au 5 na nusu, kwa hiyo nafasi ni ndogo na kila picha ya spika inakula mahali pa neno lenye faida. Upande wa nyuma usipakwe ile nailoni ya kung'arisha, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki juu yake, na wateja wetu hupenda kuandika nyuma ya kadi bei mliyotajiana na mwezi mliopanga. Kadi iliyoandikwa na mteja kwa mkono wake mwenyewe haitupwi ovyo.

Maneno ya kuandika yana uzito kuliko karatasi. "Audio, video, matangazo, harusi, grafiki" ni orodha isiyomwambia mtu kitu, kwa kuwa kila mwenye kompyuta ndogo mjini anaweza kuiandika. Kama unakwenda na vifaa vyako hadi kanisani, andika hivyo: "Ninarekodi kwaya kanisani kwenu." Sentensi hiyo moja inamwondolea mweka hazina hofu ya kukodi basi la kuwaleta waimbaji mjini, na hofu hiyo ndiyo inayoua mipango mingi ya kurekodi. Vivyo hivyo kwa anayerekodi ngoma na ala za asili. Muziki wa Wagogo, ambao hayati Hukwe Zawose aliufikisha hadi Ulaya, una vikundi vingi katika vijiji vinavyotuzunguka, na viongozi wake wana uchungu wa kweli wanaposimulia yaliyowapata studio. Mpiga ilimba, ile ala ya vibamba vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, anaambiwa aondoe ule mvumo unaofuatana na kila mguso kwa sababu eti unachafua sauti, ilhali ala hiyo hutengenezwa makusudi ili ivume. Mpiga zeze analazimishwa kukaza nyuzi zifuate kinanda cha umeme. Akina mama wanaopiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanafungwa kwenye mdundo wa kompyuta, na ngoma ambayo mwendo wake hupanda kadiri wachezaji wanavyopanda inakuwa imekufa kabla ya kufika katikati. Fundi anayejua kuviacha vitu hivi vilivyo, na anayejua kwamba ngoma ya muheme inahitaji maiki isimame mbali kidogo ili ichukue na vifijo vya waimbaji, ana kitu cha kuandika kwenye kadi ambacho wengine hawana. Watafiti na wageni wanaokuja kuusikiliza muziki huo humtafuta mtu wa namna hiyo, na mara nyingi humuulizia mapokezi ya hoteli au kwa maofisa utamaduni wa wilaya, mahali ambapo kadi chache zilizoachwa kwa ruhusa hufanya kazi bila wewe kuwepo.

Kuhusu alama ya mraba ya kuskani, ile iliyobuniwa Japani mwaka 1994 na ambayo sasa watu wameizoea kwenye vibao vya kulipia dukani, sina ugomvi nayo mradi isichukue nafasi ya namba. Inaweza kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye sampuli za kazi yako, jambo ambalo karatasi peke yake hailiwezi. Lakini mwenye kitochi hawezi kuiskani, na mwenye simu janja asiye na bando hatafika popote. Iwekwe nyuma, kwenye kona.

Namba iliyochapwa lazima iendelee kuishi. Hakuna kadi mbaya kama ile inayopigiwa na kujibiwa kuwa namba haipatikani, kwa kuwa mteja hatasema fundi amebadilisha laini, atasema fundi ameacha kazi. Tangu Machi 2017 tunaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo kisingizio cha kwamba mtandao mwingine una vifurushi nafuu hakipo tena. Anayejua kuwa ana tabia ya kubadilisha laini kila baada ya miezi michache asichapishe kitu.

Na kadi zisichapwe nyingi. Mtu wa steshenari atakuonyesha kuwa ukichapisha elfu moja bei ya kadi moja inashuka sana, na hesabu yake ni sahihi, lakini fundi anayejitegemea hana watu elfu moja wa kuwapa. Mia moja, au hata hamsini, zinatosha mwaka mzima kama hazigawiwi ovyo kwa wapita njia pale Nyerere Square. Kugawa ovyo kuna hasara yake nyingine, kwani katika nchi yetu mtu akiona kadi inatoka mfukoni mwako huanza kujiandaa kukataa mchango wa harusi, na uso wake hufunga kabla hujasema neno. Mimi simpi mtu kadi mpaka awe amesikia kazi yangu, iwe ukumbini au kwa simu yangu na visikizio vyake.

Kwa mafundi wenzangu wa Dodoma na wilaya zake wanaotegemea kwaya na ngoma kama mimi, basi, ningeshauri zile kadi chache zichapwe mapema, kabla ya Pasaka, ili ziwafikie walimu wa kwaya wakati wa mazoezi na kubaki kwa makatibu mvua zinapokatika na vikao vya kupanga matumizi ya mavuno vinapoanza. Na kwa makatibu watakaozipokea nina ombi moja dogo: mwandike nyuma yake ni nani aliyeileta na alisikia kazi gani, ili fundi atakapopigiwa simu mwezi wa Agosti aambiwe ni rekodi ipi wanayotaka ifanane na yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi sauti wa kujitegemea,
Ipagala, Dodoma.